Pesa za Daraja Zipo, za Kumwelewa Anayelivuka Hakuna

Mvua za masika zikiharibu barabara za Meru na Embu, viongozi hukimbilia kuahidi daraja. Ni vyema, lakini hiyo ni nusu ya tiba.

Disemba 4, 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu huko Mwingi, ng'ambo ya Tana ukitoka Embu. Zaidi ya watu 30 waliangamia. Daraja lilikuwapo, limefunikwa na maji, na umati umesimama kando ukitazama. Je, ni nini kilichomwambia dereva kwamba atapita?

Wataalamu wa Marekani wanasema maji ya kina cha sentimita 60 hubeba magari mengi, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa maji katika mafuriko huko huwa wameingia wakiendesha gari. Lakini Marekani si Mbeere. Huku anayevuka huenda ni mama mwenye uchungu wa kujifungua, au mchuuzi wa miraa ambaye mzigo wake utanyauka kabla ya kesho. Kibao cha "Hatari" kitamzuia nani?

Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru viko papa hapa. Sheria ya mwaka 2013 ililenga asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Lengo hilo halijatimizwa. Basi wapewe hata fungu dogo, wakae vivukoni msimu mmoja wakiwauliza watu, na majibu yawafikie wahandisi na wauguzi kabla saruji haijamwagwa.