Miaka 8, kombe la akina dada halikuvuka Mlandizi!

Wadau wa Kigoma na Ujiji, hebu tupige hesabu. Ligi Kuu ya soka la wanawake, 2017 bingwa Mlandizi Queens ya Pwani. 2018 na 2019 JKT Queens. 2020 mpaka 2022 Simba Queens, mara tatu mfululizo. 2023 JKT tena, 2024 Simba tena. Yaani kombe linazunguka Dar na Pwani tu!

Na sisi tuliwahi kuwa humo, na Kigoma Sisters yetu. Ila kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Timu isiyo na jeshi wala klabu kubwa nyuma yake, nauli itatoka wapi? Kabla ya kumlaumu kocha, tuulize nani analipa safari. Mnasemaje wadau?