Anayemtafuta Mama Yake Hana Deni la Shukrani

Mtu aliyeasiliwa utotoni na kulelewa nchi ya mbali, anapofikia utu uzima akaanza kumtafuta mama aliyemzaa, hukutana na hukumu moja karibu kila anakokwenda: hana shukrani. Walezi wake huumia na kujiuliza walikosea wapi. Marafiki humuuliza amepungukiwa na nini. Akifika katika nchi aliyozaliwa, hukuta hukumu hiyo imemtangulia, safari hii kwa sauti ya huruma: ameshapata maisha yake Ulaya, yaliyopita si ndwele, na kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Methali hiyo ya malezi ina ukweli wake inapoelekezwa kwa mhusika wake. Humwonya mzazi asijivunie uchungu wa uzazi huku mtoto analala na njaa, na humpa heshima mama mkubwa, bibi au jirani aliyebeba mzigo wa malezi. Haikutungwa ili kumziba mdomo mtoto. Mtu anaweza kumpenda aliyemlea kwa moyo wote, akamuuguza na kumzika kwa heshima zote, na bado akataka kujua alizaliwa na nani, katika kijiji gani, na kwa nini aliondoka. Mambo hayo mawili hayagombani isipokuwa kwa anayedhani malezi ni bidhaa iliyonunuliwa na deni lake halijalipwa.

Kosa kubwa zaidi la hukumu hii ni dhana iliyojificha chini yake: kwamba mtoto huyo hakuwa na mtu, akaokotwa, akaokolewa. Dhana hiyo hutoka kwenye nyaraka za kuasili, na nyaraka hizo mara nyingi ni za uongo.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni ule wa Save, kilima kilicho karibu na Butare, kusini mwa Rwanda, palipojengwa misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya nchi hiyo mwaka 1900. Wakati Ubelgiji ilipotawala Kongo, Rwanda na Burundi, mtoto aliyezaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu alionekana ni tatizo la serikali. Baba, ambaye mara nyingi alikuwa ofisa, mfanyabiashara au mlowezi, kwa kawaida hakumtambua. Mama alikuwepo, pamoja na bibi, wajomba na ukoo mzima, lakini watawala walihofia kwamba watoto hao wangeikuza chuki dhidi ya wazungu au kuyumbisha mpaka wa rangi ambao ukoloni ulisimama juu yake. Wakaamua kuwatenga. Huko Save walilelewa na watawa wa Kikatoliki walioitwa Masista Weupe, katika makao yaliyotengwa kwa ajili yao, na kuanzia mwaka 1959, uhuru ulipokaribia, watoto wapatao 300 walisafirishwa kwa ndege hadi Ubelgiji.

Walipofika waligawanywa. Wapo walioasiliwa, wapo waliokaa na familia za malezi, na wapo waliohamishwa kutoka makao hadi makao. Ndugu wa tumbo moja walipelekwa miji tofauti. Majina yalibadilishwa, na tarehe au mahali pa kuzaliwa vikaandikwa kwa kubahatisha. Lugha walizozungumza na mama zao zikafa vinywani mwao kwa kukosa wa kuzungumza naye, hata wale waliobahatika kukutana na mama miongo kadhaa baadaye walikaa naye chumba kimoja wakimsubiri mkalimani. Kuna akina mama walioweka alama ya dole gumba kwenye karatasi za Kifaransa wasizoweza kuzisoma. Alama hiyo ndiyo iliyoitwa ridhaa, na ndiyo iliyotumika baadaye kumwambia mtoto kwamba mama yake alimtoa kwa hiari.

Watoto hao walipokua na kuomba majalada yao, walizungushwa kwa miaka mingi. Majalada yalikuwepo, kwa kuwa utawala wa kikoloni ulipenda kuandika, lakini yalifungiwa kwenye hifadhi za serikali, na majina ya akina baba yalilindwa kwa uangalifu ambao akina mama hawakuwahi kuonjeshwa. Mwezi Machi 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio la kukiri ubaguzi huo na kutaka nyaraka zifunguliwe. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake, naye aliwataja pia akina mama wa Kiafrika walioporwa watoto. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilikwenda mbali zaidi. Ilikuwa ikisikiliza kesi ya wanawake watano waliochukuliwa kutoka kwa mama zao huko Kongo kabla hawajatimiza miaka 7, wakapelekwa katika misheni ya Katende, Kasai. Mahakama ilisema serikali ilikuwa na mpango wa kuwatafuta na kuwateka watoto wa aina hiyo, ikauita uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kuamuru kila mmoja alipwe fidia ya euro 50,000.

Hao ndio watu walioambiwa kwa nusu karne kwamba hawana shukrani.

Wapo watakaojibu kwamba hayo ni mambo ya wakoloni, na kwamba kuasili watoto siku hizi kuna sheria, mahakama na maofisa wa ustawi wa jamii. Uganda inatoa jibu. Sheria ya Watoto ya huko ilimtaka mgeni aishi nchini miaka 3 akimlea mtoto kabla ya kumwasili. Mawakili wakagundua njia ya mkato: mgeni aliomba Mahakama Kuu impe ulezi wa kisheria tu, akaondoka na mtoto, na kuasili kukakamilishiwa Marekani. Mlango huo ulibaki wazi mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Katika baadhi ya kesi za miaka hiyo, wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba mtoto anapelekwa Kampala kusomeshwa, kumbe jalada lake liliandaliwa kana kwamba hana wa kumlea. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na watu wengine wawili kwa kuhusika katika mtandao wa aina hiyo.

Familia moja ya Marekani ilimpokea msichana mdogo kutoka Uganda kwa njia hizo. Karatasi zake zilimsema vibaya mama yake. Mtoto alipojifunza Kiingereza cha kutosha, alieleza habari nyingine kabisa: mama anayempikia, mama anayemsindikiza shuleni. Walezi wake walifuatilia, wakagundua kwamba mtoto ndiye aliyekuwa mkweli, na mwaka 2016 wakamrudisha nyumbani kwa mama yake. Ni familia iliyostahili sifa. Lakini mtoto huyo alikuwa na umri wa kukumbuka. Aliyeondoka akiwa na miezi minane hana kumbukumbu ya kuweka mbele ya karatasi. Kwake, kutafuta akiwa mtu mzima ndiyo njia pekee ya kufanya uchunguzi uleule.

Kongo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa mwezi Septemba 2013, na hata hivyo udanganyifu haukukoma. Kuna wazazi wa Gemena, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, waliowatoa watoto wao kwa kuamini wanakwenda kambi ya likizo Kinshasa. Watoto hao walijikuta Ubelgiji wakiwa na wazazi wapya. Ilibidi vipimo vya DNA vithibitishe kile ambacho mama zao walikuwa wakikisema tangu mwanzo.

Kwa wingi wa watoto, ni nchi chache zinazoikaribia Korea Kusini. Tangu vita vya miaka ya 1950 ilipeleka nje watoto zaidi ya 140,000 kwa hesabu rasmi, na mwaka 1985 peke yake zaidi ya 8,800. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Huko kila mtu aliandikwa kwenye daftari la ukoo chini ya mkuu wa familia. Mtoto aliyekusudiwa kwenda nje alifunguliwa daftari lake mwenyewe, likiwa na jina lake peke yake: hana baba, hana mama, yeye ndiye mwanzo wa ukoo. Kwa karatasi hiyo alihesabika yatima, na yatima alipata viza ya Marekani kwa urahisi. Mwezi Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba watoto wenye wazazi wanaojulikana waliandikishwa kuwa yatima, na kwamba wengine walipewa utambulisho wa mtoto mwingine kabisa. Mtoto aliyekuwa tayari kwa safari alipofariki au kuchukuliwa na ndugu zake, mwingine aliwekwa kwenye nafasi yake kwa karatasi zilezile. Kwa hiyo wapo watu waliovuka bahari, wakafuata jalada neno kwa neno, wakamkumbatia mama, kisha kipimo cha DNA kikaonyesha kwamba si damu moja. Kumwambia mtu wa namna hiyo aridhike na alichonacho ni ukatili.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni ile ya siri ya mama. Inawezekana alizaa akiwa msichana wa shule, akaolewa baadaye na mume asiyejua lolote, na mgeni kutoka Brussels au Chicago akibisha hodi anaweza kumvunjia ndoa. Hofu hiyo ni ya kweli na haipaswi kubezwa. Lakini inadai jambo moja tu, nalo ni kwamba mama aulizwe kwanza, faraghani, na mtu anayejua kutunza siri, naye awe huru kukataa. Haimpi karani ruhusa ya kukataa kwa niaba yake bila kumuuliza. Na pale maofisa walipotumia siri ya mama kama sababu ya kufunga jalada, mara nyingi siri iliyolindwa ilikuwa ya ofisi. Mama aliyedanganywa kwamba mtoto anakwenda kusoma hana cha kuficha, anasubiri barua.

Suala la fedha nalo hutajwa sana, kwamba ndugu wa nyumbani watamfanya mgeni wao benki. Hutokea. Ni jambo la kuzungumzwa kati ya ndugu, kama linavyozungumzwa katika kila familia yenye mtu Ulaya, na halihusiani na haki ya mtu kujua alikotoka.

Haki hiyo imeandikwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa kila mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unazitaka serikali zitunze taarifa za asili ya mtoto. Kinachokosekana ni kazi ya kila siku, na muda hausubiri. Mama wa Save aliyezaa mwaka 1955 akiwa na miaka 20 angetimiza 90 mwaka 2025, na wengi hawakufika huko. Mauaji ya kimbari ya 1994 yaliwakatiza baadhi yao wakati watoto wao bado wanasubiri kufunguliwa jalada.

Kizazi kinachofuata kimeshaanza kukua. Mtoto aliyetolewa Kampala mwaka 2010 akiwa na miaka 3 ametimiza 18 mwaka 2025. Kwenye jalada lake la Mahakama Kuu kuna barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye muhuri na jina la kijiji, taarifa ya ofisa ustawi, na kiapo cha anayedaiwa kuwa mzazi. Hata kama maelezo yaliyomo ni ya uongo, jina la kijiji laweza kuwa kweli, na kijijini kuna watu wanaokumbuka. Vituo vingi vya watoto vya miaka ile vilikuwa vya watu binafsi, na kituo kinapofungwa madaftari yake hupotea. Mahakama na wizara zinazohusika zinapaswa kuyakusanya madaftari hayo sasa, kuyanakili pamoja na majalada ya kesi, na kumkabidhi nakala kila mwenye jina lake humo anapoiomba, bila kumuuliza anaitakia nini.