Mbona Baba Hamumuulizi?

Wasomaji wangu, leo naomba niseme jambo lililonikaa kooni muda mrefu. Nina miaka 31, nimeolewa, na huu ni mwaka wa nne sina mtoto. Sitafuti huruma. Nimechoka tu kuwa kesi ambayo kila mtu ni hakimu.

Hivi nani aliwaambia kwamba "Vipi, bado tu?" ni salamu? Naulizwa saluni, naulizwa kwenye vikao vya harusi, naulizwa hata msibani. Mtaani wenzangu ni Mama Neema, Mama Junior, Mama Asha. Mimi ni "yule dada wa geti jeusi".

Kila mwezi siku zangu zikifika, ndani mwangu kuna msiba. Msiba wenyewe hauna matanga. Hakuna turubai, hakuna jirani wa kukaa nawe mkekani, hakuna wa kukupa pole. Unaoga, unapaka poda, unakwenda kazini kuandika habari za watu wengine.

Sasa nauliza: mbona baba hamumuulizi?

Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba maishani mwake. Limesema mtu mzima, halikusema mwanamke. Tatizo laweza kuwa kwa mume, kwa mke, kwa wote wawili, na mara nyingine halionekani kwa yeyote. Kuna mbegu chache, kuna mbegu dhaifu, kuna mirija iliyoziba kwa sababu ya kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa. Na magonjwa hayo, jamani, mtu huambukizwa na mtu.

Lakini tazameni mambo yanavyokwenda. Mimi nimepimwa homoni, altrasaundi na mirija. Hicho cha mirija, dawa inasukumwa kwenye kizazi huku unapigwa eksirei. Nilitoka pale nimeshika ukuta. Mwanaume anakaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, anatoa mbegu kwenye kikopo, basi. Kliniki niliyokuwa nikihudhuria haikumwita mume wangu hata mara moja. Alikwenda mwenyewe, na rafiki zake wakamcheka.

Kipimo chepesi kinasubiri, chenye maumivu kinatangulia. Kama huo si mfumo dume uliovaa koti jeupe, niambieni ni nini.

Mtasema mwanaume rijali hana shida. Nguvu za kitandani na ubora wa mbegu ni vitu viwili tofauti. Mtasema aoe mwingine ithibitike. Kama kasoro ni yake, huyo wa pili naye atakalia benchi lile lile la kliniki, na umri wa kuzaa haumsubiri.

Najua sasa mnataka kujua majibu yetu yalisemaje, kasoro iko kwa nani. Hamtaambiwa. Ni yetu wawili.

Ninachodai ni kidogo. Daktari, mwite baba siku ya kwanza. Mama mkwe, kabla hujamtafutia mwanao mke mwingine, mpeleke maabara. Na wewe shoga yangu, tukikutana sokoni, niulize bei ya nyanya.

Naomba kuwasilisha.