Bei za nyumba mpya: Kipimo cha uchumi kisichofika River Road

Katika mataifa kadhaa yaliyostawi, mabadiliko ya bei za nyumba mpya hupimwa na kutangazwa kila mwezi, sawa na mfumuko wa bei za vyakula. Idara ya takwimu ya Canada huwauliza wajenzi bei za nyumba wanazouza, nayo serikali ya Uchina hutoa takwimu za miji 70. Magavana wa benki kuu, wawekezaji na wanasiasa huzisubiri kwa hamu.

Nchini Kenya hali ni tofauti. Bei za nyumba huzungumzwa kila siku, hupimwa kila baada ya miezi mitatu, na zinapopimwa ni sehemu ndogo tu ya soko inayoonekana.

Suala hili si la wataalamu wa takwimu pekee. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ilipoanza kutekelezwa, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Anayekatwa ana haki ya kujua iwapo nyumba zinazojengwa kwa fedha hizo zinashusha bei sokoni.

Sababu ya nyumba mpya kuheshimiwa kama kipimo cha uchumi ni rahisi kueleweka. Mtu asiye na uhakika wa kazi yake huahirisha kununua nyumba kabla ya kupunguza matumizi mengine. Mjenzi akikosa wateja hupunguza bei, kisha husimamisha kazi. Hapo muuza saruji, fundi wa mabomba na dereva wa lori la mchanga hukosa riziki.

Marekani iliyaona hayo. Bei za nyumba zilifika kileleni 2006 na kuanza kuporomoka, na miaka miwili baadaye misukosuko ya fedha ikaukumba ulimwengu mzima. Huko Uchina, kudorora kwa soko la nyumba tangu 2021 kumevuruga uchumi uliotegemea ujenzi kwa miaka mingi.

Takwimu zinazotajwa zaidi hapa nchini ni za aina mbili, na zote ni za sekta ya kibinafsi. Ya kwanza ni fahirisi ya kampuni ya HassConsult, ambayo hesabu zake zinarudi nyuma hadi mwaka wa 2000. Ya pili ni ya Chama cha Mabenki Nchini (KBA), iliyoanza kutolewa 2015.

Kila moja ina manufaa yake, na kila moja ina upofu wake.

Fahirisi ya HassConsult hutegemea bei wanazotaja wauzaji. Lakini bei iliyotajwa si lazima iwe bei iliyolipwa. Katika mitaa ya Kileleshwa, Kilimani na Lavington, fleti nyingi huuzwa kabla hazijajengwa, mnunuzi akilipa kidogokidogo. Biashara inapokuwa ngumu, mjenzi huona ni heri aongeze muda wa kulipa, atoe nafasi ya gari bila malipo au aweke kabati za jikoni bure kuliko kubandika bei mpya. Bei ya kwenye tangazo hubaki palepale ilhali bei halisi imeshuka.

Fahirisi ya KBA nayo hutegemea nyumba zilizonunuliwa kwa mikopo ya benki. Bei hizo ni za kweli, kwa kuwa benki haikopeshi bila nyumba kukaguliwa. Tatizo ni idadi. Takwimu za Benki Kuu zinaonyesha kuwa kufikia mwisho wa 2023, mikopo ya nyumba nchini ilikuwa takriban 30,000, na wastani wa kila mkopo ulizidi Sh9 milioni. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya milioni 12.

Zaidi ya hayo, nyumba zinazouzwa hubadilika. Mitaa ya magharibi mwa Nairobi iliyokuwa na nyumba za bustani sasa imejaa majengo marefu yenye fleti za chumba kimoja au viwili. Zikiuzwa fleti ndogo nyingi kuliko nyumba kubwa, wastani wa bei hushuka hata kama hakuna kilichopungua bei. Ndiyo maana fahirisi bora hulinganisha nyumba zenye sifa zinazofanana, yaani ukubwa, vyumba na mahali zilipo.

Fahirisi hizo zinapotoka Lavington na kufika River Road, hunyamaza kabisa. Barabara hiyo ya katikati mwa jiji ni kitovu cha wafanyabiashara wadogo, wasafiri, wapiga chapa na wauzaji wa vifaa vya kila aina. Wengi wanaofanya kazi hapo si wanunuzi wa nyumba wala hawadaiwi na benki kwa sababu ya nyumba. Jioni hurejea kwenye vyumba vya kupanga Kangemi, Kawangware, Githurai au Pipeline.

Kwao bei ya nyumba ni kodi ya mwezi. Takriban kaya tisa kati ya kumi za Nairobi ni za wapangaji. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hujumuisha kodi katika hesabu ya mfumuko wa bei kila mwezi, lakini huichanganya na maji, umeme na gesi katika kundi moja lenye uzito wa karibu asilimia 15.

Wale wanaojenga wenyewe pia hawaonekani. Mkenya wa kawaida hununua ploti kupitia chama au Sacco, akaanza na msingi, akangoja, kisha akapandisha kuta mwaka mwingine. Nyumba hiyo ni mpya, lakini haijawahi kuwa na bei sokoni. Ukitaka kujua inagharimu kiasi gani, utazame bei ya saruji, nondo na mabati. KNBS hutoa fahirisi ya bei za vifaa vya ujenzi kila robo mwaka, na kila mwezi huchapisha kiasi cha saruji kilichotumika. Kwa mwananchi huyu, mfuko wa saruji ni kielelezo bora kuliko tangazo la fleti Kileleshwa.

Je, serikali inaweza kupata picha kamili zaidi? Sehemu ya jibu tayari imo katika majalada yake. Kila ardhi au nyumba inapohamishwa mijini, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, baada ya mthamini wa serikali kukadiria thamani yake. Tangu Aprili 2021, shughuli hizo zilianza kuhamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, ukianzia Nairobi.

Hata hivyo, njia hiyo ina mitego. Muuzaji hutozwa ushuru wa faida ya mtaji, ambao ulipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Hivyo basi, muuzaji na mnunuzi wote hufaidika bei ikiandikwa ndogo. Vilevile, hati ya fleti mpya inaweza kutolewa miaka kadhaa baada ya bei kukubaliwa, na takwimu zikawa za soko lililopita.

Kwa sababu hiyo, rekodi za ardhi hazitoshi peke yake. Zinafaa kuambatana na mtindo wa Canada wa kuwauliza wajenzi kila mwezi wameuza aina ipi ya nyumba na kwa bei gani baada ya punguzo, na pia kodi katika mitaa ya wapangaji ichapishwe kando.

Kipimo hicho kingekuwa na kazi mara moja. Ng'ambo ya Mto Nairobi, umbali wa kutembea kutoka River Road, nyumba 1,370 zilijengwa Park Road, Ngara, miongoni mwa miradi ya kwanza ya nyumba za bei nafuu. Swali la maana ni iwapo miradi ya aina hiyo imepunguza kodi na bei katika mitaa jirani, au imewasaidia tu waliobahatika kugawiwa.

Bila takwimu za mara kwa mara, serikali itasema imefaulu, wapinzani watasema imeshindwa, na mlipaji ushuru hatakuwa na namna ya kujua nani mkweli.