Simu peke yake haitamfundisha mwanafunzi wa Simi-Simi maua ya Rwenzori

Mwanafunzi wa mimea anayeishi Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege wa Kisangani, anaweza kumaliza masomo yake bila kuona hata ua moja la mlima mrefu. Kisangani iko kwenye mita kama 400 tu juu ya bahari. Rwenzori, mpakani na Uganda, inafika mita 5,109.

Akitumiwa picha ya lobelia kubwa kutoka Rwenzori, ataiuliza simu. Nayo simu inaweza kumjibu jina la lobelia ya Kilimanjaro, mlima uliopigwa picha na watalii wengi zaidi.

Lakini kuzitambua si kazi ngumu, mtu akijua pa kutazama. Lobelia wollastonii hupenda miteremko ya mawe, juu kabisa. Suke lake refu lina manyoya ya kijivu, na maua yake ni ya buluu hafifu. Ndugu yake, Lobelia bequaertii, hukaa kwenye matope ya mabonde. Majani yake hushika maji katikati, na suke lake ni laini, lenye rangi ya zambarau. Ndiyo maana picha ya ua tu, isiyoonyesha mawe wala udongo, haisaidii sana.

Wollaston alikuwa Mwingereza, Bequaert Mbelgiji aliyekusanya mimea huko mwaka 1914. Hakuna ubaya, walipanda mlima. Kibaya ni kwamba zaidi ya miaka mia baadaye Mkongomani bado anangoja jibu la nje, wakati Yangambi, kilomita kama 100 tu kutoka Kisangani, kuna nyumba yenye mimea mikavu zaidi ya 100,000. Mwanafunzi apelekwe huko kwanza, ajifunze kulinganisha mmea na mmea.

Wapo watakaouliza: watu wanauawa na ADF upande wa Mutwanga, nani ana wakati wa maua? Swali ni la haki. Ila barafu ya Rwenzori imepungua sana tangu mwaka 1906, na mmea unaoishi karibu na kilele hauna pa kupanda tena joto likizidi.

Kumpeleka mwanafunzi kwa barabara namba 4, kupitia Mambasa hadi Beni, leo ni kumhatarisha. Walinzi wa mbuga ya Virunga na Wanande wa chini ya mlima wako huko tayari, na wana majina yao ya mimea hiyo. Chuo kiwaombe jina la Kinande na picha tatu: mmea mzima, suke kwa karibu, na mahali ulipoota.