Nukta Saba za Alif

Wengi miongoni mwetu tumekwisha kulitamka neno hili: "Mimi sina kipaji." Hutamkwa mbele ya cherehani, mbele ya kofia ya viua, mbele ya kalamu; na aghalabu hutamkwa katika juma la kwanza la kujifunza, wakati ambapo hapana mwanadamu awezaye kukijua kipaji chake. Sisi tulilitamka mwaka jana, tena mahali pabaya, mbele ya mtoto.

Tulikuwa tumeanza kujifunza khati, yaani sanaa ya kuziandika herufi za Kiarabu kwa uzuri, tukiwa na umri wa miaka 43. Nia yetu ilikuwa ndogo: kuandika Bismillahi kwa mkono wetu na kuitundika juu ya mlango wa sebule, badala ya ile ya plastiki iliyopauka kwa jua. Herufi tulizijua tangu chuoni utotoni, tukadhani iliyobaki ni kuzipendezesha tu. Kumbe! Alif, ambayo ni mstari mmoja wa kusimama, ilitutoka imeinama kama mnazi wa ufukweni, na wino ukatapakaa hadi kwenye kanga. Usiku wa nne tukaikunja karatasi tukasema, "Mkono huu haufai kitu." Binti yetu wa miaka tisa alikuwa kando akituiga. Aliitazama alif yake, iliyokuwa nzuri kuliko yetu, akaichana. "Na wangu pia haufai, mama."

Usiku ule hatukulala vyema. Tulimwomba radhi asubuhi, lakini neno la mzazi likishatoka halirudishwi kwa radhi peke yake.

Maalim wetu tulipomsimulia hakutupa pole wala hakutusifu. Alichovya kalamu yake ya mwanzi, akapanga nukta ubavuni mwa alif yetu, moja juu ya nyingine. "Mama, alif ya Thuluth hupimwa nukta saba. Yako ni tano na nusu. Kosa lake ni hilo. Hayo mengine uliyoyasema usiku si habari ya khati."

Hapa yafaa tueleze. Nukta hiyo huchorwa kwa kalamu ileile inayoandika herufi, hivyo upana wa ncha ya kalamu ndio kipimo cha kila kitu. Utaratibu huu hunasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba kosa hupata jina na kiasi: hapa pamepungua nukta, pale tumbo la nun limezidi. Shaka iliyotukalia usiku ule haikuwa na kiasi. Ilisema "hufai", na haikusema wapi wala kwa kadiri gani. Ndiyo maana hatukuwa na la kurekebisha ila kukunja karatasi.

Tangu siku ile tuliweka sharti nyumbani: hasemi mtu "sijui", wala "siwezi", mpaka kwanza ahesabu nukta. Binti yetu amelipenda sharti hili kupita kiasi, na sasa hatuandiki mstari bila ya yeye kuja na kalamu kutupima.

Imetuliwaza pia habari ya Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1942, ambaye alifanya kazi ya ufundi wa mashine. Alijifunza khati peke yake kwa miaka mingi. Mwaka 1984, akiwa tayari mtu mzima mwenye kazi zake, alianza kusoma kwa Hasan Çelebi, bingwa wa Istanbul, akakubali kurudi mwanzo kabisa. Katika mapokeo ya huko, somo la kwanza ni kuandika dua ya kumwomba Mola afanye mepesi, asifanye mazito, na akamilishe kwa kheri. Ijaza aliipata mwaka 1988, na khati iliyomo katika stempu ya Idi ya Marekani ya mwaka 2001 ni ya mkono wake.

Yupo atakayetukumbusha hadithi ya yule asomaye Qur'ani kwa kusitasita, ikimuwia ngumu, kwamba ana malipo mawili. Hadithi ile ni ya kisomo, na hatuthubutu kuivuta mpaka kwenye wino wetu. Tunasema tu kwamba Umma uliofundishwa hivyo haukupaswa kuona haya sana kwa kusitasita.

Kwa atakaye kuanza: si lazima mwanzi. Funga penseli mbili pamoja, ncha zikiwa sawa, utapata mstari mpana wa kufanyia mazoezi. Andika herufi mojamoja, usianze na majina ya Mwenyezi Mungu, ili karatasi zilizoharibika zisikutie mashaka ya adabu. Wala usizitupe, ziandike tarehe uziweke. Mabingwa wa Iran na Uturuki walijaza karatasi za mazoezi mpaka zikawa nyeusi, na baadhi yake leo zimo katika majumba ya makumbusho. Zetu zimo katika boksi la viatu chini ya kitanda.

Juu ya mlango bado ipo ile ya plastiki. Juma hili tumefika kwenye waw, na jana tumeambiwa kwamba kichwa chake kimezidi nusu nukta.