Jiwe ni kilo 20, pesa ni nyepesi: Nani hunufaika na kalingi?

Ukiona watu wakisukuma jiwe kwenye barafu na wengine wakilifagilia njia kama wako kwa zamu ya usafi, usicheke haraka. Huo mchezo ni kalingi. Jiwe ni la granaiti, linakaribia kilo 20, na timu ni ya watu wanne. Hapo kwa wanne ndipo maneno yako.

Mimi koleji sikumaliza, lakini kugawa kwa nne naweza. Tuseme timu imeshinda dola 40,000. Kila mtu anaramba 10,000, na bado hujatoa tiketi za ndege, hoteli na kocha. Hao ni washindi. Waliotolewa mapema wanarudi nyumbani na risiti tu.

Utasema, si kuna Olimpiki? Wapi! Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hailipi mshindi hata ndururu. Nchi yake ndiyo huamua kama itamtoa. Marekani ilipobeba dhahabu ya wanaume Pyeongchang 2018, nahodha John Shuster alikuwa mfanyakazi wa duka la vifaa vya michezo. Mwenzake Tyler George alikuwa meneja wa duka la pombe. Sisi tulizoea kusikia dola 50,000 ambazo World Athletics ililipa kila bingwa wa mbio binafsi Paris 2024, akina Faith Kipyegon na Emmanuel Wanyonyi. Lakini riadha ndiyo ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo.

Sasa, hizo chapaa za kalingi zilitoka wapi? Hazikushuka kama mvua. Kanada ina ubingwa wa wanaume unaoitwa Brier, ulioanza 1927. Zamani uwanja ulijaa, runinga zilionyesha, mchezaji hakupata kitu, na nembo ya mdhamini wake hakuruhusiwa kuivaa. Mwaka wa 2001 timu 18 kali, Kevin Martin akiwa mstari wa mbele, zilisema imetosha. Zilisusia Brier na kucheza msururu mpya wa mashindano yenye zawadi za pesa, Grand Slam. Mgomo uliisha 2003, lakini Grand Slam iko hadi leo. Wanawake waliingizwa baadaye, 2006.

Mwaka wa 2024 kampuni ya The Curling Group iliinunua Grand Slam, kisha baadaye ikatangaza ligi ya kulipwa, Rock League: timu sita, kila moja wanaume watano na wanawake watano. Poa. Ila mwenye duka amebadilika, na mchezaji bado ni mchezaji.

Kwa maoni yangu, tusidanganywe na ukubwa wa hundi ile ya kupigia picha. Hundi hupewa timu moja. Haki ya kuvaa nembo ya mdhamini wako humlisha hata aliyeshindwa, na ndiyo maana wale jamaa wa 2001 waliidai pamoja na pesa. Kwa hivyo msee wangu unayecheza soka ya mtaani au voliboli, kabla ya kuuliza mshindi anapata ngapi, uliza jezi ni ya nani.